Je, Wajua? Spika zikiongezeka, omu hupungua

Ukiongeza boksi la pili la spika kwenye amplifaya ya gitaa la besi, ukinzani, unaopimwa kwa omu, haupandi. Unashuka! Maboksi mawili ya omu 8, yakiungwa sambamba, huwa omu 4. Yakiwa manne, omu 2 tu. Amplifaya ya transista iliyoundwa kwa omu 4 ikibebeshwa mzigo huo hupata moto, na huweza kuzimika katikati ya wimbo au kuungua kabisa. Kabla ya kuongeza boksi, soma maandishi ya nyuma ya amplifaya kuhusu omu.

Amplifaya ya besi ya Ampeg SVT ya 1969, yenye wati 300, ilipangiwa maboksi mawili, kila moja na spika 8 za inchi 10. Spika 16 kwa mpiga besi mmoja!

Usitumie waya wa gitaa kuunga spika, hata plagi ikiingia. Ni mwembamba mno kwa umeme unaokwenda kwenye spika.