Jinsi ya kuzitia joto nyumba za kale bila kuziozesha

Ujerumani imejiwekea lengo la kutoongeza tena gesi chafu zinazopasha joto dunia ifikapo mwaka 2045, na majengo ya kihistoria nayo yanatakiwa kupunguza matumizi ya nishati. Lakini kifaa kisichofaa kikiwekwa ukutani, nyumba iliyosimama kwa karne kadhaa inaweza kuharibika ndani ya miaka michache.

Mji wa Quedlinburg katika jimbo la Sachsen-Anhalt una zaidi ya nyumba 1,000 zilizojengwa kwa fremu za mbao. UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1994. Ujenzi wake si mgeni sana kwa mtu wa Afrika Mashariki: nguzo na mihimili husimamishwa kwanza, kisha nafasi zilizo katikati husukwa fito na kukandikwa udongo uliochanganywa na mabua. Tofauti ni kwamba mbao huachwa zionekane kwa nje, na ndizo zinazoupa mji sura yake.

Tatizo ni baridi. Kuta hizo ni nyembamba, na joto linalolipiwa kwa bei kubwa hupotea nje. Wakaazi waliuhisi uzito huo hasa mwaka 2022, bei ya gesi ilipopanda baada ya Urusi kuivamia Ukraine. Katika Umoja wa Ulaya, majengo hutumia takriban asilimia 40 ya nishati yote.

Nyumba ya kawaida huvikwa povu gumu la plastiki kwa nje, kama koti. Kwenye nyumba ya urithi koti hilo lingefunika mbao zote, ndiyo maana sheria ya Ujerumani inaruhusu majengo yaliyohifadhiwa kusamehewa baadhi ya masharti ya nishati. Mara nyingi njia inayobaki ni kuweka kihami joto upande wa ndani, na hapo panahitajika uangalifu.

Maji yanatoka wapi?

Watu wanapopika, wanapooga na hata wanapopumua, hewa ya ndani hujaa mvuke. Kihami kikishawekwa ndani, joto la chumba haliufikii tena ukuta wa zamani, hivyo ukuta huwa baridi kuliko mwanzo. Mvuke unaopenya hadi hapo hugeuka matone, kama yale yanayotokea kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Mvua nayo huingia kwa nje kupitia nyufa kati ya mbao na udongo.

Iwapo ndani pamezibwa kwa plastiki na nje pamepigwa plasta ya saruji, maji hayo hayana pa kutokea. Mbao huoza kimyakimya, na mwenye nyumba hugundua wakati mhimili umeshalainika.

Vifaa vinavyonyonya na kukauka

Vifaa vya asili hufanya kazi kwa namna nyingine. Mbao za nyuzi za miti zilizoshindiliwa, matete, sufu ya kondoo, au hempu iliyochanganywa na chokaa, vyote huzuia joto lisipotee huku vikiruhusu unyevu kupita. Ubao wa nyuzi hubandikwa kwa plasta ya udongo bila kuacha uwazi nyuma yake, ili unyevu unyonywe na kurudishwa chumbani ukauke. Unene wa sentimita 4 hadi 8 mara nyingi hutosha. Ukizidi, ukuta unazidi kuwa baridi na hatari ya maji inarudi.

Faida nyingine ni kwamba mimea hufyonza hewa ya ukaa inapokua, ilhali utengenezaji wa saruji duniani huchangia takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa hiyo inayotokana na shughuli za binadamu.

Hata hivyo, vifaa hivi mara nyingi ni ghali kuliko povu la plastiki, na vinahitaji fundi anayevifahamu. Paa linalovuja na maji yanayopanda kutoka ardhini lazima vishughulikiwe kwanza. Kuhami dari mara nyingi ni rahisi zaidi kuliko kuhami kuta, na huokoa joto jingi.

Somo kwa Mji Mkongwe

Zanzibar haina haja ya kuzuia baridi, lakini kanuni ya unyevu ni ileile. Nyumba za Mji Mkongwe, ulioingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, zina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Chokaa huuacha ukuta ukauke. Plasta ya saruji huonekana imara, lakini hufungia unyevu na chumvi ndani, mawe yakalika na ncha za boriti zikaoza.

Kwa hiyo, iwe Quedlinburg au Zanzibar, swali la kumuuliza fundi kabla hajaanza kazi ni moja: unyevu ukishaingia ukutani, utatokea wapi?