Je, Wajua? Kila Mama na Mkunga Wake

Huko Uingereza, mwongozo uliotolewa mwaka 2015 na NICE, taasisi inayoweka viwango vya huduma za afya, unataka kila mama aliyeshikwa na uchungu wa kujifungua awe na mkunga wake peke yake. Unataja pia dalili za hatari: mama kusubiri dawa ya maumivu zaidi ya dakika 30, au kukaa saa nzima baada ya kujifungua bila kuoshwa na kushonwa. Hapo mkunga msimamizi wa zamu huarifiwa, aangalie kama wakunga wamepungua. Ripoti ya mwaka 2021 ya UNFPA, shirika la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu, ilikadiria kuwa dunia ilikuwa na upungufu wa wakunga 900,000. Serikali ziwaajiri, uhai wa mama na mtoto hausubiri bajeti ijayo.