Ngoma ya Jinja isihukumiwe kwa jina

Sisi tuliosomea ukimbizini Kenya tukilisikia jina Nyege Nyege huinamisha uso. Kwa Kiswahili ni matusi. Kwa Kiganda ni hamu ya kucheza isiyozuilika. Tamasha hilo lilianza Jinja mwaka 2015. Mwaka 2018 marehemu Simon Lokodo, aliyekuwa Waziri wa Maadili, alilipiga marufuku, kisha likaruhusiwa kwa masharti. Septemba 2022 Bunge nalo lilitaka lizuiwe. Serikali ikaliruhusu, likafanyika Itanda.

Wanaolipinga wanataja ulevi na uasherati. Mambo hayo yapo, hakuna anayebisha. Lakini Mbale nako, kila baada ya miaka miwili, vijana wa Kimasaaba hucheza kadodi barabarani kuelekea tohara ya imbalu, na pombe hunywewa. Hakuna anayesema imbalu ifutwe, kwani wazee wapo, wanaangalia.

Basi Jinja inahitaji waangalizi, si kufuli. Watoto wazuiwe langoni, askari na wauguzi wawepo, kingo za Mto Nile zilindwe. Kijana anayenyimwa ngoma hadharani ataitafuta gizani, na huko hakuna wa kumwokoa.