Vumbi la makaa shambani: si mbolea, ila huishika mbolea

Mahali palipochomwa makaa udongo hubaki mweusi miaka mingi, na mara nyingi mahindi ya hapo huwashinda wenzao wa pembeni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulilipima jambo hilo huko Ejura, Ghana: kwenye udongo wa tanuri za zamani, mavuno ya mahindi yalizidi ya mashamba jirani kwa asilimia 91.

Kwa mkulima wa Nyakabere, katika Bonde la Ruzizi, swali ni hili: chenga zinazobaki magunia ya makaa yakishauzwa zitamfaa shambani? Zitamfaa, akijua kazi ya chenga hizo.

Mti mkavu ni kaboni karibu nusu ya uzito wake. Ukichomwa pasipo hewa ya kutosha, mvuke na gesi hutoka, na makaa yanayobaki huwa na kaboni asilimia 70 au zaidi. Atomi zake hujipanga katika duara za pembe sita zilizoshikana barabara, na vijidudu vya udongo huzivunja kwa shida sana. Ndiyo maana vipande vya makaa hudumu ardhini mamia ya miaka. Majani na samadi sivyo: katika joto la bondeni huoza upesi, na kaboni yake nyingi hurudi hewani.

Hata hivyo, weusi wa udongo hauletwi na makaa peke yake. Mwaka 1786 mwanakemia wa Ujerumani, Franz Karl Achard, alitumia alkali kutoa kitu cheusi katika mboji ya kinamasi. Baadaye wanakemia walikigawa: kinachotuama maji yakitiwa asidi wakakiita asidi ya humiki, na kinachobaki kimeyeyuka wakakiita asidi ya fulviki. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba hizo ni molekuli kubwa zinazojiunda zenyewe udongoni. Mwaka 2015 Johannes Lehmann na Markus Kleber walipinga katika jarida la Nature. Walisema ile alkali kali haituonyeshi udongo ulivyo; kilichomo ni mabaki ya mimea na vijidudu yanayoendelea kuoza, mengine yakiwa yameng'ang'ania chembe za mfinyanzi. Kwa hiyo rutuba haihifadhiwi mara moja ikatosha: kila msimu udongo unataka kulishwa.

Hapo ndipo makaa yanapoingia. Yakikaa ardhini, oksijeni hubadilisha uso wake polepole, ukapata chaji hasi. Chaji hiyo huvuta potasiamu, kalsiamu, magnesiamu na amoniamu, visisombwe na mvua. Makaa ni ghala tu. Chakula lazima kitoke kwingine. Makaa mapya bado hayana chaji nyingi, na yakimwagwa makavu yanaweza kuinyima mimea nitrojeni kwa muda. Afadhali yapondwe, yachanganywe na samadi au mkojo wa ng'ombe, yakae wiki kadhaa kabla ya kupelekwa shambani. Magharibi mwa Kenya, James Kimetu na wenzake walionyesha mwaka 2008 kwamba ardhi iliyochoka zaidi ndiyo iliyonufaika zaidi.

Tahadhari zipo. Majivu yaliyochanganyika na makaa hupunguza uchachu wa udongo. Hilo ni jema penye uchachu, lakini Bonde la Ruzizi lina vipande vya ardhi ya chumvi ambako yanaweza kuongeza tatizo. Chenga ziloweshwe kabla ya kupondwa, maana vumbi lake hudhuru mapafu. Kuchoma kufanyike nje kabisa: moshi wake una monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu inayoua. Mbao zenye rangi na plastiki zisitiwe motoni.

Wala mti usikatwe kwa ajili ya kazi hii. Mlima ukibaki uchi, mvua itasomba udongo mwingi kuliko chenga zinavyoweza kuokoa. Chenga za sokoni, na makapi ya mpunga kutoka mashine za kukoboa yakichomwa kuwa makaa, vinatosha kuanzia. Mkulima atenge matuta mawili, moja lipate samadi tupu na jingine samadi yenye makaa, kisha apime mavuno yote mawili kabla ya kupanua.