Jipu Halishonwi



Sisi tunaofanya kazi wodini tunalijua jambo moja kuhusu jipu: halishonwi. Likiiva hupasuliwa, usaha ukatolewa wote, kisha kidonda huachwa wazi na kuwekwa gozi ili kipone kuanzia chini kuja juu. Ukiharakisha kuifunga ngozi ya juu, usaha hujikusanya tena ndani na homa hurudi. Mgonjwa hulia tunapombadilishia gozi. Tunampa pole, lakini gozi tunabadilisha.

Tumelikumbuka jambo hili kwa sababu ya mfuko wa akina mama katika usharika wetu. Tulikuwa wawili tulioaminiwa, mmoja ufunguo wa sanduku, mwingine daftari. Januari moja mtoto wa mmoja wetu alirudishwa nyumbani kwa kukosa ada. (Ni yupi kati yetu, tafadhali msituulize. Aliyefungua na aliyeandika walikosa sawa.) Tulitoa shilingi 80,000, tukaziita mkopo. Mshahara ukitoka tutarudisha, tulisema. Mshahara ukatoka, ukawakuta wenyewe wanausubiri: deni la dukani, kodi ya nyumba, mgonjwa kijijini. Daftarini tukaandika kana kwamba fedha zote zipo.

Kujaribiwa si dhambi. Bwana Yesu mwenyewe alijaribiwa nyikani alikofunga siku 40, wala hakutenda dhambi. Nasi siku ile mlango wa kutokea tulikuwa nao: kumwendea mama mwenyekiti na kuomba mkopo waziwazi. Tuliona aibu. Tukaikwepa aibu ndogo, tukajinunulia kubwa.

Wengi wetu habari ya mfalme Daudi tunaikumbuka kuwa ya uzinzi tu. Hebu someni tena 2 Samweli sura ya 11, polepole, maharage yakiwa jikoni yanachemka. Alimchukua mke wa Uria, naye akapata mimba. Ndipo akamwita Uria kutoka vitani, apate kulala kwake na mambo yafichike. Uria akalala mlangoni pa mfalme pamoja na watumishi. Daudi akamlewesha, hata hivyo hakwenda nyumbani. Mwisho akampa barua ampelekee Yoabu, na barua ile aliyoibeba kwa mkono wake mwenyewe ndiyo iliyokuwa na kifo chake. Kila tukifika kwenye barua hiyo tunasimama kidogo. Mtu aliyeanza kwa kutazama tu kutoka juu ya dari amefika hapo kwa kuficha. Mimba ikakua, mtoto akazaliwa, na katika sura hiyo yote hatusomi kwamba mfalme aliomba toba. Mpaka Nathani alipokuja na hadithi yake ya mwana-kondoo wa maskini.

Nathani wetu sisi hakuwa nabii. Alikuwa mwenzetu wa kikundi, aliyefiwa na mumewe siku ya Jumanne. Utaratibu wetu ni kupeleka rambirambi kabla ya mazishi. Tulifungua sanduku, hazikutosha.

Usiku ule ule tulikwenda kwa mama mwenyekiti, tukapiga magoti, tukasema yote. Hakututukana. Alinyamaza hata tukaogopa, kisha akaleta Biblia na kututaka tusome Zaburi ya 51 kwa sauti, kwa zamu. Tuliijua tangu kipaimara, lakini usiku ule tuliona tusiyowahi kuyaona. Daudi anaanza na rehema za Mungu kabla hajaanza kuitaja dhambi yake. Hamlaumu Bath-sheba kwa kuoga, wala hasemi shetani alimpitia. Hataji hata vita alivyompigania Mungu. Sisi tulikuwa tumejiandaa kuzitaja zamu zetu za kutembelea wagonjwa.

“Wanangu,” akasema mama, “Mungu amewasikia. Kesho mtawaambia wenye fedha.”

Tulisema. Akina mama wakachanga upya hapo hapo, rambirambi ikafika kabla ya mazishi, nasi ufunguo na daftari tukavikabidhi. Daudi naye aliambiwa na Nathani kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake, lakini mtoto alikufa, na upanga haukutoka katika nyumba yake. Tuliwahi kudhani kwamba msamaha wa namna hiyo ni nusu. Sasa hatudhani hivyo. Kidonda kilichopasuliwa kinauma, lakini homa imeshuka. Tulikuwa hatulali, tukalala.

Fedha tulizilipa kwa miezi sita, kwa kukaanga maandazi alfajiri kabla ya kwenda kazini. Mjane yule ndiye aliyekuwa mteja wetu wa kwanza. Alinunua manne, akaomba na chumvi.

Mama mmoja wa kikundi bado hatusalimii. Jumapili tunakaa benchi lililo nyuma yake, na wakati wa kupeana amani tunanyoosha mkono.