Dawa Inayongoja Joto

Mgonjwa wa Kitengela anapotoka Nairobi kupata kemo, mateso mengi anayorudi nayo nyumbani hayatokani na uvimbe, yanatokana na dawa. Doksorubisini, dawa nyekundu inayotibu saratani za aina nyingi, husambaa na damu mwili mzima: inapukutisha nywele, inachubua kinywa, na dozi zikirundikana inaudhoofisha moyo. Ndiyo maana madaktari huhesabu kiasi ambacho mtu amepewa maisha yake yote.

Njia mojawapo ya kuidhibiti ni kuifunga ndani ya mafuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Alec Bangham, mtafiti wa Babraham karibu na Cambridge, aliona kwamba fosfolipidi zikitiwa majini hujikunja zenyewe zikawa vifuko vyenye maji ndani. Hivyo ndivyo liposomu. Zinazobeba dawa zina upana wa nanomita 100 hivi. Mishipa ya damu ya uvimbe hujengwa haraka na ovyo, ikabaki na nyufa ambazo vifuko hivi hupenya. Mwaka 1995 Marekani iliidhinisha Doxil, doksorubisini iliyofungwa hivyo, kutibu sarkoma ya Kaposi kwa wagonjwa wa UKIMWI, saratani iliyowaua wengi hapa Afrika Mashariki. Madhara kwa moyo yalipungua.

Lakini kufika si kufunguka. Kifuko imara kinaweza kufika kwenye uvimbe kikakaa na dawa yake. Kwa hiyo watafiti wanaunda liposomu zinazoitikia hali ya mahali zilipo. Watu wa Kajiado wanayajua magadi ya Ziwa Magadi: yakiachwa ni mawe matulivu, yakiguswa na maji ya ndimu yanachemka povu. Liposomu za namna moja hufuata kanuni hiyo. Damu ina pH ya 7.4, ilhali pembezoni mwa uvimbe mara nyingi hushuka chini ya 7, na asidi hiyo huulegeza utando.

Namna nyingine hungoja joto. Milton Yatvin na wenzake walilichapisha wazo hilo mwaka 1978, na baadaye David Needham wa Chuo Kikuu cha Duke akaunda liposomu inayomwaga dawa kwa sekunde chache ikipata nyuzi 40 hadi 42 za Selsiasi. Iliitwa ThermoDox. Ilijaribiwa kwa wagonjwa 701 wa saratani ya ini, uvimbe ukichomwa kwa sindano ya mawimbi ya redio, na matokeo ya 2013 yaliwavunja moyo wengi: haikuwa na faida iliyotarajiwa. Jaribio la pili, la wagonjwa 556, nalo halikufaulu. Hata hivyo, mwaka 2018 watafiti wa Oxford walieleza jinsi walivyopasha uvimbe wa ini kwa mawimbi ya sauti kwa wagonjwa 10, na dawa iliyoingia ndani ikaongezeka kwa wastani wa zaidi ya mara tatu. Kwangu huo ni ushahidi kwamba kifuko hufunguka panapotakiwa. Kuongeza maisha ya mgonjwa ndiko bado hakujathibitishwa.

Tena joto huelekezwa penye uvimbe unaoonekana. Saratani iliyokwisha kutapakaa haina pa kulengwa. Mwaka 2022 Kenya ilikadiriwa kuwa na wagonjwa wapya zaidi ya 44,000 na vifo zaidi ya 29,000, na wengi hugunduliwa wamechelewa. Ukiona chakula kinakukwama kooni wiki baada ya wiki, au ukipapasa uvimbe usiouelewa, nenda hospitali ya Kajiado au Kitengela wiki hii, upimwe.