Kwa nini Ulaya ilipinga vikwazo vya Iran, kisha ikavitii

Tarehe 8 Mei 2018, Rais Donald Trump aliiondoa Marekani kwenye mkataba wa nyuklia wa Iran, uliofikiwa Vienna mwaka 2015 na kuridhiwa na Baraza la Usalama. Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Urusi na China zilikataa kumfuata. Watano walibaki, mmoja akaondoka na kuirudishia Iran vikwazo vyake, na matakwa ya huyo mmoja ndiyo yaliyopita.

Sababu iko benki. Sehemu kubwa ya biashara duniani hulipwa kwa dola, na malipo hayo kwa kawaida hupitia benki za New York. Hapo ndipo Marekani humshika hata mtu asiye raia wake. Mwaka 2014 benki ya Kifaransa BNP Paribas ilikubali kulipa karibu dola bilioni 9 kwa kupitisha fedha za Sudan, Iran na Cuba.

Kwa hiyo Umoja wa Ulaya ulipoihuisha sheria yake ya mwaka 1996, inayozikataza kampuni zake kutii vikwazo vya namna hiyo, kampuni hizo zilijua ni faini ipi inayotisha zaidi. Kampuni ya mafuta ya Kifaransa, Total, ilieleza kuwa benki za Marekani zimo katika zaidi ya asilimia 90 ya shughuli zake za kutafuta mitaji, ikauacha mradi wa gesi wa South Pars nchini Iran. Hata Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, mali ya serikali zenyewe, ilisita kwenda Iran, kwani nayo hukopa kwenye masoko ya dola.

Januari 2019 likaja jaribio la Uingereza, Ufaransa na Ujerumani: INSTEX, chombo cha malipo chenye makao Paris. Mzungu aliyenunua bidhaa Iran angemlipa Mzungu mwenzake aliyeuza huko, na Wairani nao hivyo hivyo, bila fedha kuvuka mpaka. Ulipitishwa muamala mmoja tu, wa vifaa vya tiba, Machi 2020. Mwaka 2023 chombo kikafungwa. Hili linaniuma. Dawa zilikuwa zimeruhusiwa kisheria, lakini benki ziliogopa kugusa chochote cha Iran, na walioumia ni wagonjwa ambao hawakuwa na neno katika mkataba wowote.

India, mnunuzi mkubwa wa mafuta ya Iran, iliacha kununua mwaka 2019. China iliendelea, ikitumia wanunuzi wadogo wasioitegemea New York na kulipa kwa yuan. Tangu mwaka 2015 ilikuwa na mfumo wake wa malipo, CIPS. Ulaya ilikuwa na euro, sarafu ya pili duniani, lakini benki zake kubwa hazikuwa tayari kuipeleka Tehran.